Mbwa mzee, kikohozi na pumzi nzito: uchambuzi wa kisa cha Bobi

Bobi ni mbwa dume aliyehasiwa, chotara wa umbo dogo, umri miaka 11, uzito kilo 9.4. Mwenye mbwa, mama mmoja mtulivu, alimleta akiwa na binti yake, na malalamiko yalikuwa mawili. La kwanza ni kikohozi cha miezi kadhaa, kikavu, cha kukwaruza, kinachozidi mbwa akisisimka au akivuta kamba. La pili ni kuhema. "Anahema mchana kutwa, Daktari, hata akiwa amejilaza tu," alisema mama. Tayari Bobi alikuwa anapewa furosemidi, dawa ya kukojoza, aliyoandikiwa kwingine siku uliposikika mvumo moyoni mwake. Tangu aanze dawa hiyo alikuwa anakunywa maji bila kikomo na kukojoa ndani ya nyumba, tabia ambayo hakuwa nayo tangu alipokuwa mtoto. Kikohozi kilibaki palepale.

Mbwa mdogo, mzee, ana mvumo, anakohoa, anahema. Wengi wetu tukisikia hayo tunaandika "moyo umeshindwa" na kutoa dawa ya kukojoza kabla mbwa hajashuka mezani. Mara nyingine tunapatia. Ila moyo mgonjwa ni jambo moja na moyo ulioshindwa kazi, hata maji yakaingia mapafuni, ni jambo jingine, na mbwa anaweza kuishi miaka na la kwanza bila kulifikia la pili. Bobi alipitia hali zote mbili, kwa nyakati tofauti, na kilichozitenganisha ni idadi ya pumzi zake akiwa usingizini.

Kuhema kwa namna gani?

Neno "anahema" hubeba mambo matatu yasiyofanana, kwa hiyo mahojiano yalianzia hapo. Kuna kutweta: mdomo wazi, ulimi nje, pumzi fupi za harakaharaka. Mbwa hupunguza joto la mwili kwa njia hiyo kwa kuwa jasho lake ni kidogo mno. Hutweta pia akiwa na hofu, akiwa na maumivu, akiwa amenenepa kupita kiasi, au homoni ya kotisoli ikizidi mwilini, ugonjwa unaojulikana kama Cushing ambao huwapata zaidi mbwa wa makamo na wazee. Kisha kuna kupumua haraka mdomo ukiwa umefumbwa, mbwa akiwa ametulia kabisa. Na kuna kupumua kwa kutumia nguvu: tumbo linasukuma kila pumzi, shingo imenyooshwa mbele, viwiko vimetanuliwa nje ili kifua kipate nafasi.

Kutweta peke yake kunaniambia machache sana kuhusu moyo. Kupumua haraka usingizini kunaniambia mengi. Kupumua kwa nguvu ni dharura, bila kujali chanzo.

Nikamuuliza mama: "Akishikwa na usingizi wenyewe, mdomo umefumbwa, kifua kinaendaje?"

"Kwa kweli sijawahi kumwangalia akiwa amelala. Namwona mchana anavyotweta."

Jibu hilo nalipata kwa karibu kila mwenye mbwa, na si kosa lake. Hakuna aliyewahi kumwambia aangalie.

Nilichokikuta mezani

Bobi alitweta muda wote wa uchunguzi, kwa hiyo kuhesabu pumzi pale kusingekuwa na maana. Fizi zilikuwa za waridi, na nilipozibonyeza kwa kidole rangi ilirudi upesi. Alikuwa mnene, mbavu zake nilizipata kwa kutafuta. Nyuma ya kiwiko cha kushoto, chini kifuani, ulisikika mvumo wa ngazi ya 4 kati ya 6. (Ngazi hizo sita zina asili katika tiba ya binadamu; zilitokana na kazi ya daktari wa moyo wa Marekani, Samuel Levine, mwaka 1933, na tunazitumia kwa mbwa mpaka leo.) Mvumo wa mahali hapo kwa mbwa mdogo mzee kwa kawaida ni wa vali ya mitrali. Vali hiyo iko kati ya chumba cha juu na chumba cha chini upande wa kushoto wa moyo. Umri unavyosonga, vipeo vyake hunenepa na kuota vinundu, vikawa kama mlango ambao ubao wake umepinda: hata ukifungwa, mwanya unabaki. Kila moyo unapobana, sehemu ya damu iliyotakiwa kwenda mwilini inarudi juu. Inakadiriwa kuwa karibu robo tatu ya magonjwa ya moyo ya mbwa Amerika Kaskazini ni huu. Cavalier King Charles Spaniel huupata mapema kuliko wengine, na Dachshund na Chihuahua nao wamo sana. Mbwa wakubwa kama Doberman wana ugonjwa wao, wa msuli wa moyo kulegea na kutanuka, na mambo yake huenda kwa njia nyingine.

Mvumo ndio uliowashtua wote waliomwona Bobi. Mimi kilichonisimamisha ni mapigo. Yalikuwa 104 kwa dakika, na hayakuwa sawasawa: yalikimbia kidogo mbwa alipovuta pumzi, yakapungua alipoitoa. Wasiozoea hudhani ni hitilafu. Kwa mbwa ni dalili njema. Mwendo huo hutokana na neva ya vagasi inayoutuliza moyo, na moyo ukianza kushindwa mwili huipuuza neva hiyo na kuchochea homoni za hatari. Mapigo hupanda na kunyooka, tik-tik-tik, bila kupanda na kushuka. Mbwa mwenye maji kwenye mapafu kwa nadra sana atakuwa na moyo wa mwendo wa polepole unaofuata pumzi. Mbwa mwenye ugonjwa wa muda mrefu wa njia ya hewa huwa nao sana.

Halafu nikabonyeza taratibu bomba la hewa, pale chini ya shingo. Bobi akalipuka kwa kikohozi cha honki-honki kama bata mkubwa, macho yakamtoka, akamaliza kwa kuguna kana kwamba anataka kutapika. Binti akaruka: "Ndicho hicho hicho!" Kikohozi kinachoamshwa kwa urahisi namna hiyo kinaelekeza kwenye bomba la hewa lililolegea. Pete za gegedu zinazoliweka wazi hupoteza ugumu wake, bomba likawa linabonyea kila hewa inapopita kwa nguvu. Mbwa wadogo wanene ndio wateja wake wakubwa, yaani walewale wa vali ya mitrali, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa.

Eksirei ya siku ile ilionyesha moyo mkubwa. Kipimo kinachoulinganisha moyo na pingili za uti wa mgongo, kilichochapishwa na James Buchanan na mwenzake mwaka 1995, kwa mbwa wengi huwa kati ya 8.5 na 10.5, cha Bobi kilikuwa 11.4. Chumba cha juu cha kushoto kilikuwa kimevimba hata kukandamiza tawi la kushoto la bomba la hewa lililo juu yake. Mapafu yalikuwa meusi na safi kwenye picha, kama yanavyotakiwa kuwa, na mishipa ya kurudisha damu moyoni haikuwa minene kuliko ile inayokwenda nayo sambamba.

Picha iliyokuwa kwenye simu

Msomaji makini atauliza: mapafu yatakosaje kuwa safi na mbwa yuko kwenye dawa ya kukojoza? Huenda maji yalikuwepo, furosemidi ikayaondoa. Swali hilo ni zito. Kama ningemwachisha dawa kwa kutazama picha ya siku ile peke yake, ningekuwa nabahatisha.

Bahati ni kwamba binti alikuwa amepiga picha ya eksirei ya kwanza kwa simu, ikiwa bado imewekwa kwenye kioo cha mwanga kule alikotibiwa mwanzo. Ilikuwa na kivuli cha kidole pembeni na mwanga umeakisi katikati, lakini sehemu muhimu ilionekana: nyuma ya moyo, karibu na pale bomba la hewa linapogawanyika, ambapo maji ya moyo ulioshindwa hupenda kuanzia kwa mbwa. Pale palikuwa peusi. Moyo ulikuwa mkubwa vilevile. Picha hiyo ilipigwa kabla ya kidonge cha kwanza. Kikohozi kilikuwepo, maji hayakuwepo.

Damu nayo ilitoa ushahidi wake. Urea na kreatinini, taka ambazo figo huziondoa kwenye damu, zilikuwa zimepanda kidogo na potasiamu imeshuka, picha ya kawaida ya mwili unaokamuliwa maji bila sababu. Kiu kubwa na mkojo wa ndani ya nyumba vikawa vimepata maelezo.

Ultrasaundi ya moyo ilifungua mambo yaliyobaki. Upana wa chumba cha juu cha kushoto ukilinganishwa na mshipa mkuu wa aota ulikuwa 1.8, na chumba cha chini nacho kilikuwa kimetanuka kupita mpaka. Kwenye mwongozo wa madaktari bingwa wa tiba ya ndani ya wanyama wa Marekani, ACVIM, uliotolewa upya mwaka 2019, mbwa wa namna hii anawekwa daraja B2: moyo umekua kwa sababu ya vali, ila hajawahi kuwa na dalili za moyo kushindwa. B1 ni mwenye mvumo ambaye moyo haujakua kiasi hicho. C ni yule ambaye maji yameshaingia mapafuni, hata kama yametibiwa yakaisha. D ni yule ambaye dawa za kawaida hazimtoshi tena.

Kwa hiyo kikohozi cha Bobi kilikuwa na wazazi wawili: bomba la hewa lililolegea, na moyo uliokua ukalisukuma kwa chini. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayetibiwa kwa kukojozwa. Kutweta kwa mchana nako nilikuhusisha na unene na njia ya hewa. Vipimo vya minyoo ya moyo, ile inayoenezwa na mbu, vilirudi safi, na damu haikuwa pungufu. Mambo hayo mawili huwa siachi kuyaangalia kwa mbwa anayehema, kwa kuwa upungufu wa damu unaweza kumfanya mbwa apumue kama mgonjwa wa moyo ilhali moyo hauna kosa. Sauti yake ya kubweka haikuwa imebadilika, jambo ambalo lingenifanya nifikirie zoloto iliyopooza, ingawa huo ni ugonjwa wa mbwa wakubwa zaidi, hasa Labrador wazee.

Kuacha dawa na kuanza kuhesabu

Nilimwachisha furosemidi kwa sharti moja: ahesabiwe pumzi kila usiku. Mbwa mzima, na hata mbwa wa moyo aliyedhibitiwa vizuri, akiwa usingizini hupumua chini ya mara 30 kwa dakika, na wengi huwa chini ya 25. Maji yakianza kukusanyika mapafuni idadi hii hupanda, mara nyingi siku moja au kadhaa kabla mbwa hajaonekana mgonjwa. Hakuna kipimo cha bei yoyote kinachoweza kukaa nyumbani kwa mtu kila usiku na kunipa habari hiyo.

Usiku wa pili binti akapiga simu, sauti inatetemeka. Bobi alikuwa 44.

Nikamwomba anieleze anavyohesabu. "Kifua kikipanda naandika moja, kikishuka naandika mbili." Basi Bobi alikuwa 22. Kupanda na kushuka kwa pamoja ndiko pumzi moja. Kosa hili nimelikuta mara nyingi kiasi kwamba sasa, kabla mwenye mbwa hajaondoka, namwomba ahesabu mbele yangu akimtazama mbwa wake au hata mimi mwenyewe nikipumua. Mengine tuliyokubaliana: asihesabu mbwa akiwa anaota, miguu inarukaruka na midomo inacheza, kwa maana wakati huo pumzi huenda ovyo, asihesabu chumba kikiwa na joto sana, na ahesabu dakika nzima. Wapo wanaohesabu sekunde 30 kisha wakazidisha mara mbili, nayo inafaa, ila kwa mbwa mwenye pumzi zisizo sawa napenda dakika kamili.

Siku zilizofuata, bila dawa ya kukojoza, daftari la binti lilisomeka 21, 20, 24, 22, 19, 23. Kreatinini ilishuka. Kiu iliisha. Hapo shaka kuhusu ile picha ya mapafu safi ikaondoka.

Matibabu ya daraja B2 yalikuwa pimobendani, miligramu 2.5 asubuhi na jioni, saa moja kabla ya kula kwa kuwa chakula hupunguza dawa inayoingia mwilini. Dawa hii huusaidia moyo kubana kwa nguvu zaidi na hulegeza mishipa, hivyo damu hupata njia rahisi ya kwenda mbele. Kabla ya mwaka 2016 wengi tulikuwa tunaiweka akiba mpaka moyo ushindwe. Mwaka huo yalitoka matokeo ya utafiti wa EPIC, uliohusisha mbwa 360 katika nchi 11, wote wakiwa na moyo uliokua kwa sababu ya vali na hawajawahi kushindwa. Waliopewa pimobendani walikaa siku 1,228, kwa kipimo cha kati, kabla ya moyo kushindwa au kufa kwa sababu ya moyo. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, siku 766. Tofauti hiyo ni kama miezi 15, na katika maisha ya mbwa si kitu kidogo. Ila izingatiwe: walikuwa mbwa ambao kukua kwa moyo kulipimwa. Kumpa dawa hii kila mbwa mwenye mvumo, bila kuupima moyo, ni jambo ambalo utafiti huo hauliungi mkono.

Kikohozi tulikishughulikia kwa upande wake. Kola ya shingoni iliondolewa, kamba ikafungwa kwenye mkanda wa kifuani. Chakula kilipimwa, si kukadiriwa. Dawa ya kutuliza kikohozi ilitolewa kwa vipindi vibaya tu. Kilo ziliposhuka kikohozi kilipungua kuliko dawa yoyote ilivyowahi kukipunguza, na kutweta kwa mchana kukawa kwa mbwa wa kawaida anayetoka juani.

Namba zilipoanza kupanda

Bobi alikaa vizuri zaidi ya mwaka mmoja. Binti alikuwa ameshapunguza kuhesabu hadi mara mbili tatu kwa wiki, jambo ambalo nililiruhusu, na wastani ulibaki 22 au 23. Kisha daftari likaanza kuonyesha 26, 28, 27. Hakuna hata moja iliyovuka 30, na mtu anayefuata mpaka kwa ukali angesema bado. Mimi husema namba ya mbwa mwenyewe ina uzito kuliko mpaka wa wote: mbwa wa 18 akifika 28 na kubaki huko amebadilika zaidi kuliko mbwa wa 27 aliyefika 31.

Halafu ikaja 33. Usiku uliofuata 37. Hawakupiga simu. Bobi alikuwa anakula, anatikisa mkia, na mama alisema huenda ni joto. Siwezi kumlaumu, mbwa ni hodari wa kuficha, na mkia unaotikisika umewadanganya hata madaktari. Usiku wa tatu ilikuwa 48, na Bobi hakutaka tena kulala. Alikuwa anakaa, macho yanamfumba, anajilaza kidogo kisha anainuka haraka kana kwamba sakafu imemchoma. Mbwa anayekataa kulala kwa sababu akilala anakosa hewa ni mbwa wa kuletwa saa ileile, si asubuhi.

Walipofika alikuwa na uzito wa kilo 8.3. Fizi zilikuwa za kijivu. Mapigo 168, yamenyooka, hakuna kupanda wala kushuka. Kwenye mapafu nilisikia mchakarisho mdogo mdogo mwisho wa kila pumzi. Tofauti na siku ile ya kwanza haikuhitaji kifaa chochote cha gharama kuionyesha: siku ile alitweta huku moyo umetulia, sasa alifumba mdomo na kuufungua kwa zamu huku tumbo lote linafanya kazi.

Katika hali hii mkono mzito unaua. Mbwa akilazwa chali kwa ajili ya picha anaweza kufia mezani. Bobi aliwekwa kwenye oksijeni kwanza, akachomwa furosemidi miligramu 17, yaani 2 kwa kila kilo, na dawa kidogo ya kutuliza hofu, kwa kuwa mbwa aliyeshikwa na taharuki hutumia oksijeni ambayo hana. Kisha tukamwacha. Kumwacha ni sehemu ya tiba, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa wenye mbwa wanaotazama kupitia mlango, na kwa wauguzi wapya wanaotaka kupima kila kitu. Tulihesabu pumzi kwa mbali. Dozi ilirudiwa kwa kufuata pumzi: zikiwa bado juu, dozi nyingine, zikishuka, tunapunguza. Maji ya kunywa yalikuwepo muda wote. Kabla ya mapambazuko alikuwa amefika 34 na amelala ubavu, tumbo limetulia.

Eksirei ilipigwa hapo tu. Eneo lile la nyuma ya moyo, lililokuwa jeusi kwenye picha ya simu, sasa lilikuwa na wingu jeupe. Daraja C. Safari hii furosemidi ilikuwa na kazi ya kufanya.

"Kumbe ile dawa ya mwanzo ilikuwa sahihi?" mama aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki.

Dawa ni ileile, mama, nikamjibu, ila mbwa si yule. Wakati ule hakuwa na maji ya kuondoa. Ningemwacha nayo, tungekuwa tumemchosha figo kwa zaidi ya mwaka, na leo tungeingia kwenye hatari hii figo zikiwa zimeshachoka.

Zipo hoja za upande wa pili, na nimezisikia kwa wenzangu ninaowaheshimu: kwamba dozi ndogo ya kukojoza mapema ingeweza kuchelewesha usiku ule. Mwongozo wa ACVIM haukubaliani nao kwa mbwa wa B2, na mimi pia sikubaliani. Dawa hii haizuii vali kuharibika, na mwili hujibu upungufu wa maji kwa kuamsha homoni zilezile zinazoubana moyo na kushikilia chumvi. Inafaa sana palipo na maji. Pasipo na maji inatafuta pa kuyatoa.

Baada ya hapo

Bobi alirudi nyumbani na furosemidi ya vidonge mara mbili kwa siku, pimobendani kama zamani, na dawa mbili za kuzima homoni nilizozitaja: spironolaktoni na benazeprili. Figo na potasiamu zilipimwa tena ndani ya wiki mbili, kwa sababu furosemidi na benazeprili zikikutana zinaweza kuishusha presha ya damu kwenye figo kupita kiasi. Kwa sababu hiyohiyo nilimwambia mama asimpe dawa yoyote ya maumivu ya viungo bila kuniuliza, hata kama iliandikwa na daktari kwa miguu yake mwaka uliopita. Dawa za kundi hilo, zikiongezwa juu ya hizi mbili, ndizo njia ya haraka ya kuua figo. Na zile za binadamu kama ibuprofeni zina hatari kwa mbwa hata asiye na ugonjwa wowote.

Ushauri wa chakula uligeuka. Mwaka uliotangulia tulimpunguza. Sasa tunamlinda asikonde. Moyo ukishindwa, mwili huanza kula misuli yake wenyewe, na mbwa wa moyo anayepungua misuli ya mgongo na mapaja huwa na matarajio mafupi. Chumvi nyingi haimfai, lakini mlo usio na chumvi kabisa ambao mbwa anaugusa kwa ulimi na kuuacha haumsaidii mtu. Matembezi yalibaki, ya polepole, yeye ndiye anayeamua wapi pa kugeukia.

Swali ambalo mama alilichelewesha mpaka mwisho ni lile la muda. Nilimpa namba, kwa kuwa kukwepa hakumsaidii mtu kupanga. Utafiti wa QUEST wa mwaka 2008, uliofuatilia mbwa waliokwisha kushindwa moyo kwa ugonjwa huu huu wa vali, ulikuta kipimo cha kati cha siku 267 kwa waliopata pimobendani na 140 kwa waliopata benazeprili badala yake, zikihesabiwa mpaka kifo cha moyo, kulazwa usingizi wa milele, au matibabu kushindwa. Kipimo cha kati maana yake nusu yao walipita hapo, na wapo waliopita mbali sana. Pia nilimwambia kwamba mbwa wengine huondoka ghafla, kwa kuzirai kusikoamkia, na ni vizuri alijue hilo kutoka kwangu kuliko kulikuta sebuleni.

Kinachotushughulisha hivi sasa ni dozi. Kreatinini imepanda kidogo tangu furosemidi irudi, si ya kutisha, ila inapanda. Pumzi za usiku ziko 24 hadi 26. Mama angependa tuongeze dawa "ili tuwe salama", na namwelewa baada ya usiku ule. Mimi nataka dozi ndogo kabisa inayoweza kumweka chini ya 30 na karibu na namba yake ya zamani, kwa hiyo tumepunguza dozi ya jioni kwa robo na binti amerudi kuhesabu kila usiku. Wamekabidhiwa vidonge vya akiba na maelekezo ya maandishi: 30 kwenda juu usiku mmoja, arudie kuhesabu baada ya saa mbili, ikibaki juu, ampe dozi ya ziada na anipigie simu, 40 kwenda juu, au akikataa kulala, wasimsubirishe hata kwa hiyo simu, wamlete, wapige wakiwa njiani.